Mola wa Shi'ra Ndiye Mola Wetu

 

Watoto wetu wengi huhifadhi Surat An-Najm wakiwa bado wadogo. Ina aya 62, mwendo wake ni mzuri, na ulimi wa mtoto huushika upesi. Wakifika aya ya 49 hulitaja jina la nyota ya Shi'ra, wakasoma kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mola wa nyota hiyo, kisha wakasonga mbele kwa kina Adi na Thamudi bila ya kusita. Nimesomesha chuoni miaka mingi, na wanafunzi walioniuliza nyota yenyewe iko wapi naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ilhali si nyota iliyojificha. Ndiyo nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, na huonekana kutoka Lamu hadi Vanga, na bara hadi mwisho wa nchi.

Nataka tuitazame nyota hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni elimu, kwani ni aibu kulisoma jina maisha yote na kutolijua linakotua. Ya pili ni nzito zaidi. Kuna fedha, heshima na imani zinazopotea majumbani mwetu kwa ajili ya neno hili "nyota", na waliotajiwa Shi'ra katika Qur'ani kwa mara ya kwanza walikuwa na maradhi hayo hayo tuliyo nayo sisi.

Wafasiri wametueleza kwamba katika Waarabu wa zama za ujahilia walikuwako walioiabudu Shi'ra, na kabila linalotajwa zaidi ni Khuza'a, ambao walishika mamlaka ya Makka kabla ya Makureshi. Mtu aliyewatangulia katika ibada hiyo, kwa kauli ya wanavyuoni, aliitwa Abu Kabsha. Makureshi walipotaka kumkejeli Mtume, sala na amani zimshukie, walimwita mwana wa Abu Kabsha, na moja ya maelezo ya tusi hilo ni kwamba huyo naye aliiacha dini ya wazee wake akashika ya peke yake. Tazameni jinsi Qur'ani ilivyoiponya shaka. Haikuitukana nyota wala haikukana uzuri wake. Ilisema tu kwamba nayo ina Mola wake. Kitu chenye bwana hakiwezi kuwa bwana.

Sasa iko wapi? Mimi mwenyewe niliiona vizuri kuliko wakati wowote nilipokwenda Kyuso mwezi wa Januari, kumtazama binti wa dada yangu ambaye ni muuguzi huko. Kyuso imo katika kaunti ya Kitui, kaskazini ya Mwingi, ukishaiacha barabara kuu iendayo Garissa. Ni nchi kavu ya migunga na mibuyu. Wenyeji wake ni Wakamba, wakulima wa mtama, mawele, kunde na ndengu, na wafugaji wa mbuzi na nyuki. Sisi watu wa pwani tuna taa za mji na mawingu ya bahari, hata nyota tunazoziona ni zile zenye nguvu tu. Kule, taa ya ua ikizimwa, mbingu hujaa mpaka mtu hujiuliza pahala pa giza pamebaki wapi.

Atakaye kuiona katika mwezi huo wa Januari atoke nje yapata saa mbili usiku, baada ya Isha, aelekee mashariki. Ataona juu nyota tatu zilizokaribiana, zimejipanga mstari mmoja kama shanga za tasbihi. Hizo ni za kundi ambalo Waarabu huliita Jauzaa. Aufuate mstari wa nyota hizo tatu kwa chini, akielekea kuliani kwake, na nyota ya kwanza yenye mng'aro mkubwa atakayoikuta ndiyo Shi'ra. Akiufuata mstari ule ule kwa juu, akielekea kushotoni, ataifikia nyota yenye wekundu iitwayo Dabarani, na mbele yake kidogo ataona kishada cha nyota ndogo ndogo zilizobanana, nacho ni Thuraya, ambayo wazee wetu huiita Kilimia. Mwezi wa Februari Shi'ra huwa imepanda juu mwanzo wa usiku. Aprili na Mei huonekana upande wa magharibi baada ya Maghrib. Julai haionekani, kwa kuwa iko upande mmoja na jua. Agosti huonekana tena, lakini wakati wa alfajiri, upande wa mashariki, kwa yule anayeamka kusali. Desemba huchomoza mwanzoni mwa usiku.

Msiichanganye na Zuhura wala Mushtari, ambazo huizidi kwa mwanga. Hizo ni sayari, haziwaki kwa moto wao bali huakisi nuru ya jua, na mwanga wake hutulia. Shi'ra humetameta, na ikiwa chini karibu na upeo hubadilisha rangi, nyekundu, kijani, buluu, kama kito kinachogeuzwa mkononi. Kubadilika huko hakutoki kwenye nyota. Hutoka katika hewa yetu, ambayo huitikisa nuru inapopita. Rangi yake yenyewe ni nyeupe yenye kuelekea kwenye ubuluu.

Wazungu huiita Sirius, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachowaka au kuunguza. Waarabu waliitofautisha na nduguye. Shi'ra hii kubwa waliiita Al-Abur, yaani mwenye kuvuka, na ile ndogo, iliyo ng'ambo ya pili ya ukanda mweupe wa mbinguni uitwao Majarra, waliiita Al-Ghumaysa, mwenye macho yaliyoharibika kwa kilio. Walisimuliana kwamba hao ni dada wawili wa Suheli. Suheli alikimbilia kusini, dada mmoja akavuka Majarra akamfuata, wa pili akabaki ng'ambo akilia mpaka macho yakafifia. Ni hadithi ya kuwasimulia watoto, si ya kuitakidi. Lakini ina faida, kwani mtoto akiishika hazisahau nyota tatu hizo. Suheli ndiyo ya pili kwa mwanga katika nyota zote za usiku, na manahodha wetu waliijua vyema, hata upande wa kusini wakauita kwa jina lake.

Kwa umbali, Shi'ra ni katika nyota za jirani. Hata hivyo ujirani wa mbinguni si wa kupiga hodi. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Nuru ya Shi'ra hutufikia kwa miaka 8 na miezi 7 takriban, sawa na kilomita trilioni 81. Mama mwenye mtoto wa miaka 8 amtoe nje amwonyeshe, amwambie: nuru hii unayoiona ilianza safari kabla hujazaliwa, imetembea usiku na mchana bila ya kupumzika, na usiku huu ndiyo inaingia machoni mwako. Sijui somo la tauhidi lililo jepesi kuliko hilo.

Kwa ukubwa, ina uzito wa mara 2 ya jua letu, upana wake ni kiasi cha mara moja na saba ya kumi ya jua, na nuru yake ni mara 25 hivi. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500, nao wa Shi'ra ni karibu nyuzi 9,700. Lau ingeliwekwa mahali pa jua letu, isingebaki mtende wala kisima. Makadirio yake yote ni ya Mjuzi.

Watu wa elimu waliiandama nyota hii kwa karne nyingi. Katika karne ya 10 Abdurrahman As-Sufi wa Uajemi aliandika kitabu cha sura za nyota, akazipima na kuzichora kundi kwa kundi. Katika karne ya 15 Ahmad bin Majid wa Julfar aliandika elimu ya ubaharia, na nyota ndizo zilizokuwa alama za njia katika bahari hii yetu. Mwaka 1718 Mwingereza Edmond Halley alilinganisha vipimo vya Wagiriki wa kale na vya zama zake, akaona kwamba Shi'ra imehama. Watu walidhani nyota hizo zimegandishwa mbinguni, kumbe nazo zimo safarini. Tangu Mtume alipohama kwenda Madina hadi leo, Shi'ra imesogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu tunavyouona. Aliyeiabudu kwa sababu haibadiliki, aliabudu msafiri.

Kisha mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel alitambua kwamba mwendo wa Shi'ra hausimami sawa, bali unayumba kidogo, kama mtu anayetembea huku ameshikwa mkono na mwingine. Akakata shauri kwamba ina mwenzi asiyeonekana. Bessel alifariki mwaka 1846 bila ya kumwona mwenzi huyo. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, huko Marekani, alikuwa akijaribu kioo kipya cha darubini, akamwona. Ni nyota ndogo, iliyozimika tanuri yake, imebaki kaa tu lenye kupoa. Ukubwa wake ni kama wa dunia, ilhali uzito wake ni kama wa jua zima, hata kijiko kimoja cha maada yake kina uzito wa tani kadhaa. Wawili hao huzungukana mara moja kwa kila miaka 50.

Nimeupenda sana mfano wa Bessel. Alikijua kitu kwa athari yake kabla jicho halijakiona, na wenye akili hawakumwita mjinga. Bedui wa zamani naye alisema kwamba samadi humjulisha mtu ngamia na nyayo humjulisha mpitaji, basi mbingu hizi zenye buruji zamjulisha nani? Anayetuambia hatuamini tusichokiona, naye huamini kila siku.

Hapa niwatahadharishe na jambo moja. Kuna ujumbe unaozunguka katika simu, unaochukua nambari 9 na 49 za aya mbili za Surat An-Najm, ukaziunganisha, ukadai kwamba hesabu hiyo ndiyo miaka ya mzunguko wa nyota hizo mbili, na kwamba huo ni muujiza. Nia ya wanaousambaza huenda ikawa njema, lakini Qur'ani si kitabu cha mafumbo ya nambari, na nambari tunazoziona katika misahafu ziliwekwa na wanavyuoni ili kurahisisha usomaji. Vipimo vya wanadamu hurekebishwa kila baada ya muda. Tukiifunga aya kwenye kipimo, kesho kipimo kikibadilika mtoto wetu ataona aya ndiyo iliyoanguka. Aya ya Shi'ra inatosha kwa maana yake iliyo wazi.

Nirejee Kyuso, kwani huko ndiko maana hiyo iliyo wazi ilikohitajiwa. Usiku wa pili tuliketi uani baada ya Isha, nikawa namwonyesha binti yangu haya niliyoyaeleza. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mjomba, na yangu mimi ni ipi hapo?"

Alisema huku akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Nikamwambia aniambie yaliyomo moyoni. Ana umri wa miaka 34, hajaolewa. Mamake, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa amepelekwa na shoga zake kwa mtazamiaji mmoja. Mtu huyo akaandika jina la binti na jina la mama, akazigeuza herufi kuwa hesabu kwa abjadi, akaigawa kwa 12, akasema ameipata nyota ya binti, nayo imefunikwa kwa husuda tangu utotoni. Dawa yake ni kuisafisha. Kusafisha kwa mara ya kwanza kulikula fedha kidogo, kwa maji ya waridi na mishumaa. Mara ya pili kukatakiwa kuku. Mara ya tatu bangili ya dhahabu ikauzwa. Ilipofika mwaka wa tatu, fedha ambazo binti alikuwa akimtumia mamake kila mwezi kwa dawa za presha zilikuwa zikiishia kwa mtazamiaji yule, na presha ikawa inapanda. Kila mchumba alipokuja akaondoka, lilisemwa neno lile lile: nyota bado haijatakata.

Nikamwonyesha tena Shi'ra, nikamwambia: "Mwanangu, hiyo ndiyo inayong'aa kuliko zote, na hata hiyo huioni ilivyo usiku huu. Unaiona ilivyokuwa zaidi ya miaka minane iliyopita, ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza kazi. Huyo anayedai kwamba ameiona nyota yako leo asubuhi na uchafu juu yake, ameionea wapi?"

Safari hii alicheka kweli. Kisha akanyamaza, akauliza swali lililokuwa chini ya lile la kwanza: "Sasa mbona sijaolewa, mjomba?"

Sikumjibu kwa haraka, kwa sababu ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu, na mimi si badala ya mtazamiaji. Nilimwomba anihesabie wachumba waliokuja na sababu zilizotajwa. Mmoja alitaka aache kazi kabla ya ndoa. Wa pili alitaka kinyume chake, aendelee na kazi na mshahara uingie mfukoni mwake yeye. Wa tatu alikuwa mtu mwema, lakini watu wa kwao walisema mwanamke anayeishi peke yake bara, kwenye nchi ya wageni, hajulikani mwendo wake. Nikamwambia: "Hayo yote yana majina ya watu, hayana jina la nyota hata moja. Wawili umeepushwa nao. Wa tatu alidhulumiwa pamoja nawe kwa dhana mbaya. Na dhana mbaya haioshwi kwa maji ya waridi."

Kesho yake nilimpigia simu dada yangu. Ni mkubwa wangu, amenilea, na sikutaka kumhutubia kama niko mimbarini. Nilimtajia kwamba Mtume ametufunza kuwa mwenye kumwendea mtazamiaji akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Akanijibu kwa upole: "Wewe una elimu yako, mimi nina binti." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa na uchungu wa mama ndani yake, na mwenye uchungu huushika hata ubua akidhani ni gogo. Nikaacha hoja, nikamwomba tufanye hesabu tu, ya fedha na bangili, tangu siku ya kwanza. Tulipofika mwisho alikaa kimya kwa muda mrefu. Hakuniahidi kitu. Lakini mwezi uliofuata alimwambia binti yake amnunulie dawa zenyewe, asimtumie fedha mkononi, "nisije nikashawishika." Huo kwangu ni ushindi mkubwa wa mwanamke juu ya nafsi yake, na namwombea thabiti. Wote wawili wameniruhusu kuyaandika haya bila ya kutajwa majina yao, huenda yakamfaa mwingine.

Katika siku zile zile alikuja kutusalimu mzee mmoja jirani, mkulima, si Mwislamu. Tulizungumza habari za mvua, kwani Kyuso hakuna mazungumzo yanayokwenda mbali na mvua. Watu wa huko hutegemea zaidi mvua za mwisho wa mwaka, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nilimuuliza kama wazee wao waliangalia Kilimia kujua majira ya kulima. Akasema ndiyo, waliangalia. Kisha akakumbuka ule ukame uliozipata nchi za Pembe ya Afrika tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ikapita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, mbuzi wakafa na ghala zikabaki vumbi. Akasema: "Sheikh, miaka ile nyota zote zilikuja. Mvua ndiyo haikuja."

Nimesoma vitabu vingi juu ya mas'ala haya, lakini sikuwahi kuyasikia yamefupishwa namna hiyo. Nyota haikuchelewa hata usiku mmoja. Shi'ra ilichomoza kwa wakati wake, Kilimia ilizama kwa wakati wake, mwaka wa shibe na mwaka wa njaa. Kama nyota ndiyo inayoleta mvua, mbona ilikuja mikono mitupu? Ndiyo maana Mtume, sala na amani zimshukie, alipowasalisha Masahaba Alfajiri pale Hudaybiya baada ya usiku wa mvua, aliwafikishia kutoka kwa Mola wao kwamba anayesema tumepata mvua kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na rehema yake, huyo amemwamini Mungu na kuikanusha nyota, na anayesema tumepata mvua kwa nyota fulani, huyo ameiamini nyota na kumkanusha Mungu.

Kosa hilo ni la kale na la mataifa mengi. Watu wa Misri ya zamani waliona kwamba Shi'ra ikitokeza alfajiri baada ya kupotea, mto Nili nao hufurika. Wakaitukuza nyota, na kumbe mafuriko yalitokana na mvua za milima ya Uhabeshi. Wagiriki waliona inapokuja, joto la kiangazi huzidi, wakadhani joto la nyota limeongezwa juu ya joto la jua. Sisi huku huiona juu usiku wa Januari na Februari, na Mmisri huingoja alfajiri za katikati ya mwaka. Nyota ni moja, majira ni mbalimbali. Kwa hiyo nyota ni saa ya ukutani. Saa huonyesha kwamba umefika wakati wa kupika, lakini haijapata kupika hata siku moja.

Wanavyuoni wetu wamepambanua. Elimu ya falaki ya kujua kibla, nyakati za sala, miandamo ya miezi na njia za bara na bahari ni elimu tukufu, nayo Qur'ani imeelekeza kwamba nyota ni za kuongozea watu katika giza la nchi kavu na bahari. Qatada, katika wanafunzi wa Masahaba, alisema kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, vimondo vya kuwapiga mashetani, na alama za kuongozea njia, na mwenye kuzitafutia jambo jingine amekosea. Kuzitumia ili kumjua mchumba, mwizi, au riziki ya kesho, hata kukiitwa kwa jina hilo hilo la falaki, ni jambo jingine kabisa. Jina ni moja, chungu ni viwili.

Baada ya hayo, nina nasaha tatu kwa familia zetu.

Kwanza, tuzichunge ndimi zetu. Tunasema "fulani ana nyota" au "nyota yake imezimika" kama maneno ya mzaha, na binti aliye kimya pembeni huyachukua kwa uzito. Mwanamke asiyeolewa hana doa la kusafishwa. Mariamu bint Imrani alitakaswa na Mola wake, naye hakuwa na mume.

Pili, mchumba akija tumtazame kwa dini na tabia yake, kama tulivyofunzwa, na tuulize wanaomjua. Kisha binti mwenyewe asali rakaa mbili za istikhara. Istikhara haina malipo, haina mshenga, wala haihitaji jina la mama. Na wanaume wa familia wawe na ujasiri wa kuwatetea mabinti wanaofanya kazi mbali kwa ajili ya riziki ya halali, badala ya kuwaacha wakiliwa na maneno.

Tatu, tuwatoe watoto nje usiku. Mtu haogopi kitu anachokijua. Mtoto aliyeonyeshwa Shi'ra, akajua umbali wake, mwendo wake na mwenzi wake, hatakuja kuuziwa nyota akiwa mtu mzima. Na siku atakaposoma Surat An-Najm mpaka mwisho, pale penye sijida, atasujudu akiwa amejua amemsujudia nani.

Ewe Mola wa Shi'ra na Mola wa kila kilicho chini yake, wape mabinti zetu waume wema na watoto wetu elimu yenye manufaa, wateremshie watu wa Kyuso na nchi zote kavu mvua ya rehema, na utuondolee katika nyoyo zetu kumwogopa asiyekuwa Wewe. Amin.

Wallahu a'lam.